Viti vya Kampi ya Sinyali

Kila Jumamosi saa kumi, Mama Hulda Masengo alitoa meza ya kulia chakula barazani, akaitandika kitambaa cha maua, akaweka juu yake Biblia, glasi ya maji na saa ya mumewe. Halafu alichukua nyundo, akaenda kupiga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye kona ya nyumba. Mlio wake ulifika kampi nzima, hata upande wa stesheni. Kisha alirudi, akaketi, akanyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka tayari, akangoja wenye nyumba. Karani wa komite, Isaïe Kalala, alikuwa pembeni yake, kalamu mkononi. Hakuna mwingine aliyekuja.

Kampi ya Sinyali ni nyumba za matofali walizojengewa zamani watu wa reli, mistari miwili inayotazamana, katikati barabara ya vumbi jekundu. Nyumba zilipouzwa kwa waliokuwa wakikaa ndani, wenye nyumba wapya waliambiwa wachague komite. Walimchagua Hulda awe prezida kwa sababu aliwafundisha watoto wao kusoma katika shule ya Wamethodisti, na hakuna aliyethubutu kumwambia hapana usoni. Walipomaliza kumchagua walikwenda zao, na hawakurudi tena. Sasa, sheria ya komite ilisema mkutano si mkutano mpaka nusu ya nyumba ziwepo. Kwa hiyo Hulda alikuwa prezida wa kitu ambacho hakijawahi kuanza.

Hilo angelivumilia. Watu wana mashamba, wana vilio, wana treni ya kungojea ambayo haifiki. Lakini ng'ambo ya barabara, hata bila kunyoosha shingo, aliwaona wote wameketi kwa Kapinga.

Kapinga alikuwa mjane wa Kalonji, fundi wa mabomba wa reli. Kalonji alipokuwa hai alichimba mtaro kutoka kwenye tangi la zamani, lile lililonywesha magarimoshi ya mvuke, akavuta maji mpaka uani kwake. Hiyo ndiyo robine pekee ya kampi iliyotoa maji, na ilitoa jioni tu. Watu walipanga bidoni zao za manjano za kutekea maji, wakazikalia, wakawa wanaongea huku wakingoja. Kapinga mwenyewe wala hakuwa msemaji. Nyonga yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo aliketi kizingitini, kidevu mkononi, na mtu akinyamaza alimwambia, "Na halafu?" Basi, hilo tu! Watu walitoka mwisho wa kampi, wenye akili zao timamu, kuja kuambiwa "na halafu".

Hulda alikuwa na mambo ya maana ya kuwaambia. Mfereji umeziba. Mbuzi wanakula miche. Mabati ya nyumba za upande wa juu yanapiga kelele upepo ukija. Nani alitaka kusikia? Wapi!

Na aliyemchoma zaidi alikuwa Nahum. Nahum Mwepu, mumewe, mashinisti mstaafu aliyeendesha treni, nyumbani alikuwa mtu wa "ehe" na "chumvi iko wapi". Saa kumi ikikaribia alichukua bidoni, akavuka barabara, na haukupita muda kabla kicheko chake hakijasikika, kile kikubwa cha kupiga paja. Hulda alikijua kicheko hicho. Hakuwa amekisikia tena ndani ya nyumba yake tangu binti yao Talitha alipoolewa Lubumbashi. Kama Nahum angekuwa na mambo na yule mwanamke, Hulda angejua la kufanya: angeita pasta, wazee wa kanisa, na mashangazi wa pande zote mbili. Lakini mtu utamshtaki kwa kucheka?

Isaïe ndiye aliyepata dawa.

"Mama Présidente," alisema, "ku kilio tunafanyaka namna gani? Muntu akikufa, tunakusanya viti mu manyumba yote. Kiti ikifika, nyumba imefika. Hakuna mwenye anauliza mwenyewe iko wapi."

Ni kweli, ndivyo ilivyo pale. Kila kiti cha kampi kina herufi za nyumba yake chini ya kikalio, kwa rangi ya mafuta, ili kilio kikiisha kirudi kwao. Nyumba ambayo kiti chake kiko kilioni hailaumiwi, hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Hulda alifikiri kidogo, akaona ni sawa. Wakapitisha azimio wao wawili: katika mikutano ya wenye nyumba, nyumba iliyotuma kiti imehudhuria. Sheria haikuwaruhusu watu wawili kupitisha azimio, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia.

Wenye nyumba walifurahi mno. Jumamosi iliyofuata viti viliwasili vichwani mwa watoto: vya plastiki, vya mbao, vya chuma vilivyokuwa zamani katika chumba cha kungojea cha stesheni. Kiti cha Nahum, kile kikubwa cha mikono chenye ngozi ya buluu, Hulda mwenyewe alikiburuta kutoka sebuleni. Nyumba moja tu haikutuma. Kapinga hakuwa na kiti. Viliuzwa vyote wakati Kalonji anaumwa.

Watoto hawakukawia kuchoka. Kiti cha kwanza kuja chenyewe kilikuwa cha aluminiamu, cha mzee aliyekuwa akiuza tikiti, chenye mguu mmoja uliolegea. Kilivuka barabara kinachechemea, kikakwepa mbuzi, kikapanda ngazi kwa shida, kikatulia mstari wa mbele. Isaïe aliandika: "Amefika kwa miguu yake." Wiki iliyofuata vilikuja vyote namna hiyo. Watu waliokutana navyo njiani walivipisha, hasa vile vya chuma, maana vilikuwa vizito na havikuangalia pembeni.

"Kiti yangu imesha kwenda ku réunion," mama mmoja alimwambia jirani yake, akafunga mlango, akashika bidoni yake na kuelekea kwa Kapinga.

Basi Hulda akapata mikutano. Na kusema haki, ilikuwa mikutano mizuri. Viti havikuchelewa, havikukatiza mtu maneno, havikuleta mtoto wa kulia. Prezida alieleza jambo, halafu aliuliza kama kawaida, "Nani hakubali?" Kimya. Isaïe akaandika kwamba wote wamekubali. Mbuzi walikatazwa barabarani kwa kauli moja, wakaendelea kupita. Mfereji uliamriwa uzibuliwe, ukabaki umeziba. Hulda hakujali sana. Alikuwa na umati mbele yake, na alipokaa alikunja mikono tumboni kama mtu aliyeshiba.

Furaha hiyo iliisha kiangazi, katika siku zile za vumbi na baridi ya asubuhi. Jumamosi moja maji yalifunguka mapema kwa Kapinga, na kule ng'ambo watu wakashangilia. Hulda alikuwa katikati ya mfereji, yaani katikati ya maelezo yake juu ya mfereji. Kiti cha buluu kiligeuka. Hakikufanya haraka, kiliinua mguu mmoja, kikainua mwingine, mpaka mgongo wake ukawa kwa prezida na uso wake kwa Kapinga. Halafu cha mzee wa tikiti. Halafu vyote.

"Geukeni huku," Hulda alisema kwa sauti ya darasani.

Viliigeukia meza. Aliposema tena neno "mfereji", vilirudi kule kule.

"Mama Présidente, tufunge réunion?" Isaïe aliuliza.

"Hatufungi. Minyi sijamaliza."

Alimaliza, akiongea na migongo. Jioni ile bukari, ugali wake wa kila siku, haikushuka. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki wa ziwa Kisale, na hakuwa na haja ya kujidanganya juu ya jina lake. Alimwonea Kapinga wivu. Alimwonea wivu kizingiti chake, kidevu chake mkononi, hata nyonga yake, kwa sababu watu walimuulizia hiyo nyonga kila siku. Yeye, aliyewafundisha a-e-i-o-u, nani alimuuliza amelalaje? Alitaka waje kwake. Waje kwa kupenda, wakae, wamwambie upuuzi wowote.

Akaamua kwamba kinachowavuta ni maji.

Jumamosi iliyofuata alisoma jambo moja tu: kwa ajili ya utaratibu mzuri, robine ya kampi ihamishiwe uani kwa prezida.

Isaïe aliacha kuandika. "Mama, ile robine njo Kalonji alichimba na mikono yake."

"Kalonji alikuwa fundi ya reli. Maji ni ya reli. Andika."

"Na Mama Kapinga, na ile nyonga yake?"

"Iko na kiti hapa, Kapinga? Nyumba yake imefika?"

Isaïe aliangalia. Haikuwapo.

"Nani hakubali?" Hulda aliuliza, akangoja muda wa kutosha, maana hakupenda kusemwa kwamba anaharakisha. Kiti cha aluminiamu kiligonga sakafu kwa ule mguu wake uliolegea. Lakini kilikuwa kinagonga siku zote. Isaïe aliandika kwamba wote wamekubali.

Mafundi walikuja Jumatatu. Kapinga alisimama mlangoni, ameshika fremu, akiangalia bomba la mumewe likitolewa ardhini, vipande vyake vikipangwa kwenye majani.

"Nani alisema?" aliuliza.

"Ni kampi yote, mama," fundi alijibu. "Banasema nyumba zote zilikuwa pale."

Kapinga aliwatazama watu waliokuwa wamekuja na bidoni zao. Watu wakatazama bidoni.

"Minyi sikukuwa pale," mmoja alisema.

"Minyi pia. Ilikuwa paka kiti, kiti tu."

Nahum naye alirudi nyumbani amekunja uso, jambo ambalo angalau lilikuwa jipya.

"Mama Talitha," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "ile muliyomufanyia Kapinga iko mubaya."

"Weye ulikubali."

"Minyi? Minyi sikukanyaga ku réunion."

"Kiti yako ilikuwa mbele kabisa. Haikusema kitu."

"Basi uliza kiti!"

Hulda alikiangalia kile kiti cha buluu, kilichokuwa mahali pake sebuleni. Hakikuwa na la kuongeza. Nahum alikikalia, akala, akauliza chumvi iko wapi.

Siku maji yalipofunguka mara ya kwanza kwa Hulda, alikuwa amejiandaa. Alikaanga karanga, akachemsha chai ya majani ya mchaichai kwenye mbabula ya makaa, akapanga vikombe vya wageni, akafagia ua mara ya pili. Alivaa kitenge cha Pasaka. Watu walikuja wote, bidoni mkononi. Walipanga mstari mzuri, walisema "Aksanti, Mama Présidente," walijaza, walifunga vifuniko. Halafu walibeba bidoni zilizojaa, nzito zile, wakavuka nazo barabara, wakaziweka uani kwa Kapinga, wakazikalia.

Nahum alijaza ya mwisho.

"Chai iko," Hulda alimwambia.

"Nitakunywa nikirudi," alisema, akavuka.

Viti vilikuja jioni hiyo, ingawa haikuwa Jumamosi. Labda viliona vikombe. Vilizunguka mbabula, na Hulda alikunywa chai navyo mpaka ikaisha. Kule ng'ambo mtu alikuwa akisimulia habari ya askari wa Base, ile kambi ya jeshi, aliyenunua jogoo kumbe ni kuku jike, na sauti ikasema, "Na halafu?" na Nahum akapiga paja. Hulda aliweka kikombe chini ili asikivunje.

Basi Kapinga akawa mtu wa kwenda kuteka. Mwanzoni walimbebea. Kila mmoja alimhurumia kwa dhati, na baada ya muda kila mmoja akadhani mwenzake amembebea. Kwa hiyo alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alijaza nusu bidoni, akaiburuta, akapumzika katikati ya barabara, akaiburuta tena. Hulda alimwona kutoka barazani. Siku moja aliinuka nusu, mikono mezani, kama anayetaka kwenda kumsaidia. Watu watatu wakakimbia kutoka ng'ambo wakipiga kelele, "Mama Kapinga, masikini weye, tulisahau!" wakaibeba ile bidoni kwa shangwe. Hulda alikaa.

Mwishowe Kapinga aliomba mkutano. Aliwaambia watu wa uani kwake kwamba Jumamosi atakwenda kuomba robine ya mumewe irudi.

"Mutakuja?"

"Tutakuja kabisa!" walisema. Mmoja aliapa kwa mama yake. Nahum alisema atakuwa wa kwanza kuinua mkono, na alimaanisha.

Hulda alisikia habari hizo, na kwa siku kadhaa alizifikiria. Usidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Bomba uani kwake halikumletea hata mtu mmoja wa kukaa, lilimletea tope tu. Ijumaa alimwambia Isaïe, "Akiomba muzuri, tutarudisha," na Isaïe alienda nyumbani akipiga mluzi.

Jumamosi alipiga kipande cha reli. Viti vilifika mapema kuliko siku zote, hata vilivyovunjika, hata vigoda vya jikoni. Vilijaa baraza, vikajaa ngazi, vikashuka uani. Kapinga alikuja polepole, amefunga kitambaa cha kanisani. Alikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye mkutano wa wenye nyumba.

"Moyo, Mama Présidente," alisalimu kwa salamu ya kwao Kasai.

"Karibu. Bengine bako wapi?"

Kapinga aligeuka. Wote wawili waliwaona. Watu walikuwa wamekaa ng'ambo, uani kwa Kapinga, juu ya bidoni zao, wakingoja arudi awaambie imekwendaje. Mmoja aliwapungia mkono.

"Banakuja," Kapinga alisema, lakini hakusema kwa nguvu.

Hawakuja. Ilibidi aanze. Alizungumza kidogo na kwa upole, ameshika meza kwa sababu ya nyonga: kwamba Kalonji alichimba mtaro ule jioni baada ya kazi, siku zote za masika mpaka kiangazi, kwamba yeye alimshikia taa, kwamba hamchukii mtu, kwamba barabara imekuwa ndefu. Viti vilimsikiliza. Vilisogea, vikamwinamia, miguu ya nyuma juu. Hulda mwenyewe alikuwa ameanza kulainika, na neno "irudi" lilikuwa limeshafika mdomoni.

Hapo kiti cha buluu kilitoka kwenye mstari. Kilipita katikati ya vingine, kikaenda nyuma ya Kapinga, kikamgusa magoti taratibu, na Kapinga, aliyekuwa amechoka, akakaa. Aliegemea. Aliweka mikono yake pale ngozi ilipochakaa kwa mikono ya Nahum, akashusha pumzi.

Hulda alimeza lile neno.

"Tumesikia," alisema. "Nani hakubali robine ibaki hapa?"

Kapinga aliinua mkono. Viti vilitetemeka vyote, mbao zikalia, chuma kikagongana na chuma. Havikuwa na mikono. Isaïe alimwangalia prezida kwa muda mrefu, halafu akaangalia ng'ambo, kule kwa watu.

"Mumoja," Hulda alisema. "Andika."

Isaïe aliandika.

Kapinga alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akainuka. Kiti cha buluu kilimfuata mpaka barabarani, kikavuka naye, kikamngoja alipopumzika. Ng'ambo watu walisimama wote.

"Na halafu?" walimuuliza.

Aliwasimulia. Walikasirika, walikasirika kweli: wengine walitema chini, wengine waliapa, Nahum alisema kama angekuwepo, wangemuona. Walimtolea Kapinga mahali pazuri, akakaa kwenye kiti cha buluu, wakamfariji mpaka jua likashuka nyuma ya stesheni. Kabla halijazama kabisa, mtu alisema jambo la kuchekesha.

Nahum aliporudi, alisimama sebuleni mbele ya mahali patupu.

"Kiti yangu iko wapi?"

"Imebakia kwake."

"Itarudi?"

"Sijue."

 Hulda alimwekea bukari na mboga ya sombe, naye akala amesimama, sahani mkononi, akitazama nje ya dirisha.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na jioni yake maji yalifunguka kama kawaida. Mstari ulipita wote, aksanti, aksanti, na mwisho kabisa akafika Kapinga na bidoni yake. Alisalimu. Hulda aliitikia, akabaki barazani, mikono tumboni. Kapinga aliinama kwa taabu, akafungua robine, na maji yakatoka. Hulda alisikiliza yanavyoingia katika ile bidoni, akaona hata maji yenyewe, akifungua yeye Hulda, huwa hayatoki kwa nguvu hivyo.